Kipimo cha Jioni

Mama Atukuzwe, ungekuja jioni.
Asubuhi mguu hudanganya.
Umetoka blanketini umesinyaa,
baridi ya Iringa imeukunja kama jani.
Ila mradi umeshapanda kilima, kaa.
Tumwache aruke ruke kwanza hapo nje
mpaka damu ishuke, vidole vitanuke,
ndipo mguu utataja urefu wake.

Haya. Mvue soksi.
Simama hapa mwanangu, juu ya mfuko wa saruji,
uzito wote, usijikunje.
Penseli itakutekenya ikipita ubavuni.
Cheka, ila usisogee.

Umeona?
Huu ndio mguu wa miaka saba:
mwembamba kisiginoni, mpana mbele,
kama pepeo la kuchochea mkaa.
Na hiki ndicho kiatu ulichomletea,
kimechongoka kama mdomo wa kunguru.
Viweke sambamba, uniambie wewe
nani amfuate mwenzake.
Kidole cha mwisho kimeshaingia chini ya jirani
kama mtoto aliyekosa nafasi kwenye benchi.

Unasema, shona kikubwa, atakikulia.

Mama, maneno hayo nayajua sauti yake.
Baba aliyasema Mafinga, mwaka wa njaa,
akanivalisha viatu vya kaka yangu Bosko,
pamba ya godoro imejazwa mbele.
Kilomita nne kwenda, nne kurudi,
nimekunja vidole kuvishika visinitoke.
Sasa nina miaka hamsini na tisa.
Tazama.
Hata usiku, nikiwa nimelala fofofo,
vidole vyangu bado vimeshika viatu vya Bosko.

Daktari mmoja alinionyesha picha ya mguu wa mtoto.
Nilikotazamia mifupa, niliona giza.
Nikamuuliza, imekwenda wapi?
Akasema, haijafika, fundi. Iko njiani.

Samaki mkunje angali mbichi,
hivyo tunawaambia walimu na wazazi.
Kiatu nacho kinaijua methali hiyo.

Sikupatia siku moja, nisikudanganye.
Jozi ya kwanza niliipiga soli ya tairi:
Mwalimu Gaudensia akazirudisha kwenye kapu,
akasema watoto hawaisikii sakafu,
wanacheza kama waliobeba matofali.
Ya pili, ngozi ya mbuzi tupu, laini kama sikio.
Ijumaa moja ya kukanyaga, ikachanika yote kumi na minne.
Nililala na hasara, nikaamka na hasira,
nikaketi kwenye ngazi za ukumbi wa parokia
kuangalia miguu tu, nyuso nimeziacha.

Wazee watasema, sisi tulicheza peku.
Kweli. Lakini vumbi lilikuwa linapokea kishindo.
Saruji haipokei. Saruji inakirudisha gotini.

Basi shika hii, ikunje. Kwa mkono mmoja.
Imekunjika kama chapati, sivyo?
Ngozi ya ng'ombe nimeiweka chini ya vidole
na chini ya kisigino. Katikati nimepaacha,
pale mguu unajifunza kujiinua wenyewe;
nikipajaza mimi, utajifunza uvivu.
Kisigino hakuna. Mbele ni uwanja.
Mkanda unapita juu, umshike asiteleze,
vidole vikae bila kazi ya kushika.

Elfu kumi na nane.
Najua. Mtumba ni elfu tano.
Na baada ya miezi minne havitamtosha,
utanijia umevaa uso huo huo.
Vilete. Vitakuwa bado vizima,
nitampa mdogo wake Mwalimu anayemfuata kwa kimo,
nikishampima naye, maana hatuviziani.
Kiatu cha mtoto kikifanya kazi yake vizuri
huachwa kingali na uzi wote.

Karatasi yake nitaitundika pale ukutani
juu ya ile ya mwaka jana.
Ukija kulipa, utaona kidole kile
kimetoka kiasi gani chini ya jirani yake.
Au hakijatoka. Sitakuahidi.

Atukuzwe! Rudi, hatujamaliza.
Mguu wa kushoto.
Usidhani umefanana na wa kulia.