Maneno Yasiyozidi Mia Tano

Fomu inauliza: Kwa nini unataka kusoma
Shahada ya Uzamili ya Sayansi ya Siasa?
Maneno yasiyozidi mia tano.
Mwisho kesho, saa sita usiku.

Nimepanga Ng'ambo, Tabora mjini,
ukuta mmoja na mashine ya kusaga;
mahindi yakiingia, meza inatetemeka.
Kompyuta ni ya kuazima, herufi Q imeng'oka.
Ahsante Mungu kwa Kiswahili.

Nimeanza mara nne.
"Tangu utotoni nimekuwa na shauku…"
Uongo. Tangu utotoni nilikuwa na kikohozi
cha moshi wa bani, na vidole vyenye gundi ya tumbaku
isiyotoka kwa sabuni wala kwa majivu.
"Siasa ni uti wa mgongo wa…"
Hapana, huo ni kilimo.

Dokta Lwehumbiza, niliyemwomba barua ya udhamini,
kajibu: Nikumbushe, wewe ulikuwa yupi?
Yule wa safu ya nyuma, Dokta,
aliyeuliza kura ya mkono ni siri ya nani,
ukasema, tutarudi hapo.
Hatukurudi.

Basi narudi mwenyewe.

Sikonge, chama cha msingi, mawingu yameshafika Ipole.
Mimi karani: daftari kubwa, kalamu mbili.
Godaunini mbolea imepangwa hadi darini
na mlango haujafunguliwa.
Mwenyekiti Kapela, ambaye malipo yetu ya msimu mzima
"yalikwama benki",
kasimama mlangoni, funguo kiunoni:
Wanaonitaka tena, mikono juu.

Mkono mtupu haulambwi, tunasema.
Siku ile niliiona mikono mitupu
ikipanda polepole, kama moshi usio na upepo.
Mama yangu, Nyamizi binti Ngasa,
aliyemwita mwizi usiku wa kuamkia siku hiyo,
aliinua wa kulia.
Ulipochoka, akaushikilia kwa wa kushoto.
Hakunitazama.

Waliohudhuria, kwa saini na dole gumba:
mia moja themanini na sita.
Mikono niliyoandika:
mia mbili kumi na tatu.
Hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenipa hata soda.
Kapela alisema tu, Karani, andika vizuri.
Nikaandika vizuri.

Hilo ndilo swali langu, waheshimiwa wa udahili.
Si kwa nini mama aliinua mkono:
mbolea ilikuwa nyuma ya mlango, na mvua haimsubiri mtu.
Ni ile mikono ishirini na saba.
Ni ya nani? Iliota wapi?
Na huu wangu, ulioiandika,
ulimtii nani
pasipo aliyeamuru?

Labda nadharia yake mnayo,
imepangwa hadi darini.
Nifungulieni mlango,
ila msinitake kwanza niinue mkono.

Mama kapiga simu. Umewaandikia nini?
Habari za mikono, nikasema.
Kimya. Hata mashine, ng'ambo ya ukuta, ilikuwa imezimwa.
Usinitaje jina.
Nikasikia anasogeza sufuria, anakohoa.
Au nitaje. Lakini useme ulichoka.
Nini, mama?
Mkono. Sema mkono ulichoka.

Nimesema.

Sasa kompyuta inadai: mia tano na matatu.
Siiamini. Nahesabu kwa kidole kwenye kioo,
neno kwa neno, mara mbili,
kama nilivyopaswa kuhesabu siku ile.
Ni kweli, yamezidi matatu.

Kapela siwezi kumtoa. Mama kesharuhusu.
Ishirini na saba haipungui hata mmoja.
Chini kabisa niliandika:
Naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, nafasi.

Nafuta.
Naomba nafasi.

Mia tano.
Natuma.