Usawa wa Goti

Muuzaji wa Mwanjelwa alinisifia ile yenye mwanga mkali:
"Hii usiku inageuka mchana, kaka."
Nikakataa. Minde hapendi kuletewa mchana.
Nikachukua ambayo mwanga wake hauonekani,
betri nane, laini ya simu, deni la miezi miwili.

Rungwe ina mtandao wa huruma:
vijiti viwili mgongoni mwa mlima, bondeni sifuri.
Nilizunguka nimeinua simu kama anayekinga mvua,
hadi kwenye mti wenye ndevu za kijani.
Nikaifunga hapo kwa mkanda, usawa wa goti,
uso kaskazini, jua la asubuhi lisiipofushe.
Nyasi sikufyeka zote. Uvivu.

Basi siku tatu nikatumiwa nyasi.
Nyasi zikiinama. Nyasi zikiinuka.
Picha mia nne na kumi, salio likaisha.

Nikapanda tena na panga.

Usiku wa Alhamisi, saa nane na dakika sita,
simu ikatetemeka chini ya mto:
minde, nusu yake tu, kwato na tumbo jeusi,
amesimama kama aliyesahau alichofuata.
Nikamwamsha Tusekile.
"Mbuzi wa nani huyo?" akageukia ukutani.

Saa nane na arobaini, nyingine.
Buti za mvua. Nyaya za mtego begani. Na koti
nililomnunulia mwenyewe, Krismasi,
kaka yake Tusekile.

Macho hayana pazia;
hili halina hata kope.
Mke wangu anakoroma taratibu.
Simu inauliza, kwa herufi ndogo:
hifadhi, au futa?