Wasaa

Mwalimu Eusebia alikuja Keko kukagua madawati yake,
arobaini, mbao za Mafinga,
akayatikisa moja moja kama daktari anayegonga kifua,
mvua ikamfungia njia.
Akajikalia kwenye moja lisilopigwa vanishi.
Nikamwambia: tulia hapo, shule ni yako.
Akacheka. "Hilo neno umelitoa wapi, Fundi?"

Mimi nilidhani maneno ni kama misumari,
unayakuta dukani, kwenye kopo,
unapimiwa.

"Liliteremka hapa hapa bandarini," akasema,
"na Wajerumani, pamoja na hela.
Wenyewe waliondoka zamani, tena mbio,
hela wakaenda nazo,
wakatuachia jina lake
na shule."
Nikawaza: ndiyo maana hayo mawili hadi leo hutembea pamoja,
la kwanza lisipofika, la pili halifungui geti.

Shemeji yangu wa Makunduchi husema skuli,
nami humcheka miaka nenda miaka rudi.
Kumbe yeye kapokea kwa Mwingereza, mimi kwa Mjerumani,
tunagombania kikombe kimoja
kilichofinyangwa kwingine.
Mwitaliano anacho. Mhispania anacho,
kakitia kishikio cha e kwa mbele kisimteleze,
Mfaransa naye kakitia hicho hicho
kisha akaimeza s, sijui ilimkwama wapi.
Mrusi, Mpolandi, Mswidi, wote wanakinywea.
Mwingereza hata kundi la samaki huliita vivyo hivyo,
"lakini hilo ni neno jingine, Fundi,
yamefanana sura tu."
Hapo nilielewa upesi. Yuko Mwinjuma wa Chang'ombe,
fundi kama mimi, mwenye madeni,
na watu huja kunidai mimi.

"Na kabla ya hao wote?"
Bati lilikuwa linapigwa, ikabidi apaze sauti:
"Warumi waliliazima kwa Wagiriki.
Na kwa Wagiriki, mwanzo kabisa,
maana yake ilikuwa wasaa."

Wasaa?

"Wasaa. Nafasi. Muda ambao hakuna anayekutuma.
Mtu kakaa, anazungumza na wenzake,
mazungumzo yananoga, yanageuka mafunzo,
mafunzo yakajengewa ukuta,
ukuta ukatundikiwa kengele."

Niliiweka randa chini.
Nina miaka hamsini na sita.
Nilipokuwa na tisa mjomba alinipa kipande cha msasa
akanionyesha mguu wa kitanda, akasema anza hapa.
Wakiniuliza kwa nini sikusoma, hujibu: hela.
Sikujua jibu limejificha ndani ya neno lenyewe,
kwamba Mgiriki asiyenijua kwa jina
alishazitaja habari zangu.

Mvua ilipokatika Mwalimu alisaini,
vanishi akaniachia hadi Ijumaa,
akakunja sketi, akaruka dimbwi, akaenda zake Kurasini.

Nikamwita Shomvi, kijana wangu, aliyeishia la tano,
anayezoa maranda tangu saa kumi na mbili.
Kalia hilo, tuone kama linayumba.
Akakaa. Akaweka viganja juu ya ubao,
kidole kikautafuta ule mfereji mdogo
ninaouchimba kwa ajili ya kalamu,
kikaenda nao, kikarudi nao.
Linayumba?
Haliyumbi, Fundi.
Endelea kulijaribu.

Nilipogeuka alikuwa amelala,
shavu kwenye mbao, unga wa msumeno kwenye kope.
Simu ikaita: yule mama wa makochi, wa Tabata.
Sikupokea.
Nikaizima mashine ya kuranda,
na jirani yangu anayepiga misumari
nikamwomba kwa ishara ya mkono, kidogo tu.

Madawati thelathini na tisa yalikuwa yananitazama.
Ijumaa ni keshokutwa.