Tano Nukta Nne

Mashine ilisema: tano nukta nne.
Nikatia sahihi. Daktari Thawat akaamini,
akamwambia Bi Bunlom, sukari yako haina neno.
Naye akarudi sokoni Buriram, kwenye jiko lake la makaa,
kugeuza mikate ya wali wa kunata iliyopakwa yai,
akinywa maji jagi baada ya jagi,
akiamka usiku mara tano,
na alfajiri, chooni kwake, sisimizi wamejipanga
kama waliopewa namba.

Sisimizi hawana cheti cha maabara.

Alinipa habari hiyo dirishani, kwa aibu, akinong'ona.
Nikairudia damu yake, safari hii bila pupa,
nikaitazama ile michoro tunayoirukia
tukikimbilia namba ya chini.
Kilima kilikuwa kimeinuka pasipo pake.
Hemoglobini E. Kwa baba E, kwa mama E.

Nimweleze vipi? Damu ni utungo, Bi Bunlom:
mshororo mmoja, mizani mia moja arobaini na sita,
na kwenye ya ishirini na sita
zamani za kale herufi ilibadilika.
Utungo haukuvunjika. Watu wameishi nao,
wamepanda mpunga, wamezaa, wamezeeka.
Ila msomaji wetu wa chuma
alifundishwa kwa beti za kwingine.

Tena chembe zako hazikawii.
Za wengine hukaa miezi minne zikikolea sukari;
zako huaga mapema, zinakuja changa.
Mwulize mgeni wa jana habari za mtaa,
atakwambia shwari.

Tukampima kidoleni, hajala: mia mbili na kumi na mbili.
Tukapima fruktosamini,
nayo ikaafikiana na sisimizi.

Hakulia. Aliuliza bei ya dawa,
na kama wali wa kunata ndiyo basi tena.
Kisha: hiyo E, wanayo wangapi?
Nikamwambia, huku kwetu? Tazama foleni.
Akageuka akaanza kuhesabu, kweli kabisa,
kwa kidole kile kile chenye pamba.

Mimi nikafungua kabati la mwaka jana.
Tano nukta mbili. Nne nukta tisa. Tano nukta nne.
Sahihi, zote, ni yangu.