Tundu la Moshi

Shule nzima ilikuwa na ramani moja.
Madarasa saba, ramani moja,
na mimi, kwa kuwa nilikuwa mrefu na mpira siuwezi,
nikapewa kazi ya kuibeba.

Kila Jumanne na Alhamisi naifuata ofisini,
imeviringishwa kwenye mpini wa fagio,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Naitweka begani, navuka uwanja.
"Pisheni," nasema, "nchi inapita."
Wa darasa la pili wanapisha kweli.

Mwaka mmoja mvua ya masika ilinikuta katikati ya uwanja.
Ziwa Victoria likachuruzika
hadi Tabora. Nililia kabla sijafika mlangoni.
Mwalimu Naamkunda akaianika juu ya madawati mawili,
akaitazama kwa muda:
"Basi Tabora mwaka huu hawatachota mbali."
Hakunichapa.

Alitufundisha kipimio: sentimita moja,
kilomita ishirini na tano. Tukaandika, tukasahau.
Tulichokishika ni shubiri.
Gumba Moshi, cha mwisho kinyooshe:
baba yake Terewaeli, Geita, shubiri moja na nusu.
Dada yangu Anasia, Tanga, kwenye mkonge, haifiki shubiri.
Kaka zake Kileo wawili, Mererani, upana wa ukucha,
na bado hawaji.
Ndelilio, mama yake alikuwa Mtwara kwa mume mwingine.
Alipima: shubiri mbili na ushee.
Akapima tena, amekunja kidole kidogo tu,
ikapungua.
Mwalimu aliona. Akageuka
akafuta ubao uliokuwa safi.

Kila shubiri ilianzia Moshi.
Magumba mangapi, yenye mafuta ya maandazi na vumbi la chaki,
miaka nenda miaka rudi, pale pale.
Kwanza jina likafifia, likabaki Mosh, likabaki Mo.
Kisha karatasi ikalainika kama sikio la mbuzi.
Kisha likatoka tundu.

Akaja mkaguzi, ana tai na kalamu nne mfukoni.
"Nani atanionyesha Moshi?"
Mikono yote juu. Akamchagua Ndelilio.
Kidole chake kikaenda, kikafika, kikapita,
kikagusa ukuta:
chokaa, ubaridi, kokoto iliyochomoza.
"Hapa," alisema,
na hakukitoa mpaka alipoambiwa akakae.
Mkaguzi akaandika: Zana chakavu. Izibwe.
Mwalimu akasema ndiyo, bwana.
Hakuiziba.

Siku ile, nikiirudisha ofisini, sikuiviringisha.
Niliibeba wazi, mikono nimeitanua
kama mtu anayeanika shuka,
sioni njia, nachungulia tunduni.
Nikamwona Mama Mkunde
anakoroga uji kwa mkono mmoja,
kwa mwingine anafuta macho na upindo wa kanga.
Kuni mbichi za mparachichi.
Na moshi unapanda,
unalipita bati la jiko, unaupita mlingoti wa bendera,
nami nautafuta kwa jicho moja, natembea,
huku Mtwara inanipigapiga magotini.