Sikio la Kushoto

Unauliza wino huu nimeununua wapi.
Sikuununua. Kaa hapo juu ya ndoo, Muhindo,
nikuonyeshe.

Hili ni koro, la mwaka ule
mlima ulipoingia mjini bila hodi
ukaketi Birere, sebuleni mwa watu.
Nalisaga siku mbili kwenye kinu cha sombe
(mke wangu hajui, au anajua na ananyamaza),
nachuja kwa soksi ya nailoni,
tena, na tena,
hadi unga uache kulalamika katikati ya vidole.
Wageni hudhani jiwe jeusi hutoa weusi.
Halitoi. Hutoa kijivu,
kijivu cha Goma saa kumi na mbili asubuhi
kabla mtu hajafungua duka.
Weusi wenyewe ni masizi ya koroboi,
kijiko kimoja, na utomvu wa mti, na sukari kidogo
ili ung'ang'anie karatasi. Sukari ikizidi,
sisimizi watakula macho ya mtu.
Imenitokea.

Karatasi ni mfuko wa simenti, ule wa ndani,
nimeuloweka, nimeukandamiza chini ya godoro.
Tunalala juu ya nyuso ambazo bado hazijaja.

Kavugho alikuja Jumanne, mikono mitupu.
"Nataka mama," akasema. "Picha zilibaki ndani ya nyumba,
nyumba ikabaki ndani ya makoro."
Anaolewa mwezi wa nane.
Hataki kiti cha mbele kikae wazi.

Sikumuuliza pua ilikuwaje. Ukimuuliza mtu pua
atakupa pua ya yeyote.
Nilimuuliza: maharage alikuwa anayachambuaje?
Akikasirika, aliangalia wapi?
Kitenge alikifungia upande gani?
Akaanza kunionyesha kwa mwili wake mwenyewe,
kidevu kikashuka, bega moja likapanda,
nami nikalichora lile bega haraka
kabla hajagundua kwamba limepanda.

Mchoro wa kwanza: "Haiko yeye."
Wa pili: "Huyu ni shangazi, yule wa Rutshuru,
na hatusalimiani."
Wa tatu aliupeleka kwenye mwanga wa mlango,
akaugeuza, akaugeuza.
"Karibu," akasema. "Lakini hasikii."

Hasikii?

"Mama alikuwa anasikia. Ulikuwa unafunua sufuria jikoni,
yeye yuko sokoni Virunga, na anajua."

Basi nikarudi kwenye sikio la kushoto.
Nilikuwa nimelipitia tu, kama tunavyofanya
wachoraji wenye njaa: konokono mmoja, yatosha.
Bahati yangu ulikuwa mkaa bado, si wino.
Nikachukua mkate, ile nyama laini ya ndani,
nikafuta. Raba hukwangua; mkate huomba.
Nikaweka kivuli nyuma ya ndewe kwanza,
mahali ambapo hakuna atakayetazama,
kisha ukingo, kisha lile bonde dogo
ambamo neno hupumzika kabla ya kuingia.
Mwanga niliuazima kwenye chaki ya shule,
nukta moja, kwa ncha ya wembe.
Nukta mbili zingekuwa hereni.

Kavugho akasogea.
Hakusema ndiyo, hakusema siyo.
Akanyoosha kidole chake chenye vumbi la mkaa
akamgusa shavuni, kama unavyomwondolea mtu
punje ya unga asiyoijua.
Doa likabaki pale, na mistari yote ya kidole.

Nikanyanyua mkate nifute.
Mkono ukasimama hewani, mwanangu, mkono wangu huu
ambao haujawahi kuacha doa la mteja.
Nikaula ule mkate.
Upande mmoja ulikuwa na ladha ya mkaa.

Wino nikaupitisha kuzunguka doa, kwa brashi
ya manyoya matatu, bila kupumua.
Tulipatana dola ishirini. Alitoa kumi na mbili
na mkungu wa ndizi, na zile nane
sijui kama nitazidai, labda baada ya arusi,
labda nitadai viazi.

Jana amepita tena.
Anasema akiongea na mchumba wake kwenye simu
sasa anashusha sauti.

Sasa shika jiwe. Hapana, si hivyo,
kwa kiganja chote.
Na soksi iko wapi? Ile niliyoichana
nilikuambia usiitupe.