Herufi Mbili

Hapa Katindo umeme umekwenda tangu saa mbili,
kompyuta imebaki na asilimia thelathini na moja,
nami naandika mwongozo wa wanafunzi:
namna programu moja inavyozaa nyingine,
namna ya kuisimamisha ikikwama.

Kitabu cha Kifaransa ninachotafsiri hakina haya.
Kinasema: ua mtoto.
Kinasema: mzazi akifa kwanza,
mtoto ni yatima, mfumo utamchukua.
Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno,
vidole vikikimbia kama chukudu mteremkoni,
hadi nikasikia nilichoandika.

Kiti cha tatu, karibu na dirisha, hukaa Tumsifu.
Alishuka kutoka Masisi na godoro na mdogo wake.
Sikuuliza zaidi.

Nikafuta. Nikaonja "zima":
taa huzimwa, na hakuna matanga.
"Yatima" nikaiita "iliyoachwa",
nikaifuta pia; kidonda kile kile, bendeji mpya.
Mwishowe: "programu isiyo na msimamizi".
Ndefu. Haina uzuri.
Lakini inapita mlangoni bila kumgonga mtu.

Jumatatu nikagawa karatasi, kifua mbele.
Jumatano Tumsifu akanirudishia yake.
Duara la wino mwekundu halikuwa
pale nilipopahangaikia usiku kucha.
Lilikuwa ukurasa wa pili, mstari wa sita:
"Fungua tu dirisha jeusi, andika tu amri hii."

"Mwalimu, hii *tu* ni ya nani?
Nimejaribu mara kumi na moja
kwenye duka la intaneti kule Birere,
kila nusu saa na franka zake.
Mashine inakataa.
Halafu karatasi yako inaniambia ni jambo la *tu*."

Nikatazama nje. Ng'ambo ya barabara
mafundi walikuwa wanavunja mwamba wa volkano,
nyundo kwa zamu, siku ya nne sasa,
wapate msingi wa chumba kimoja.
Sikumsikia yeyote akimwambia mwenzake:
chimba tu.

Nikarudi kwenye mwongozo, nikazisaka.
Kumi na tisa.
Kila nilipoing'oa moja, pakabaki shimo,
na ndani ya shimo, imekaa kimya,
hatua niliyoiruka:
ingia kwanza kwenye folda;
omba ruhusa;
subiri, inaweza kuchukua dakika tano,
si wewe uliyekosea.

Mwongozo umerefuka kurasa nne.